Hakuna Arukaye Peke Yake



Siku moja tulikuwa tunatwanga sombe nyuma ya nyumba, helikopta ikapita juu ya Ntoto. Mnajua namna watoto wanavyofanya. Wote walitoka mbio, wakapunga mikono, wakapiga kelele mpaka mlio ukapotelea upande wa msitu. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka minane hivi, akarudi na kuniuliza: "Mama, mwenye anaendesha ile ndege ni papa ao ni mama?" Nikamwambia sijui. Akauliza tena: "Lakini mama anaweza?" Shangazi yake akacheka, akamwambia: "Wewe enda uchote maji."

Mtoto alichukua bidoni yake akaenda, lakini swali lake likabaki na mimi. Sisi hapa ndege tunazijua kwa kuzitazama kutoka chini. Tumezisikia zikienda na kurudi Kilambo kubeba mawe ya machimbo. Zinapita juu, na sisi tunapita chini na mzigo mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso. Juma hili nimeona vema tuzungumze juu ya mwanamke mmoja aliyekulia Kenya, ng'ambo ya Uganda, akarusha ndege wakati ndege zenyewe zilikuwa bado jambo geni. Jina lake ni Beryl Markham. Watu husema alivuka bahari peke yake. Tutaona kama ni kweli.

Mtoto aliyeachwa

Beryl alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Akiwa bado mdogo, wazazi wake walihamia Kenya, na baba yake, Charles Clutterbuck, akafungua shamba na kufuga farasi huko Njoro. Mama yake hakuyaweza maisha yale. Alimchukua kaka yake Beryl, akarudi Uingereza, na msichana akabaki na baba. Alikuwa na umri wa miaka minne hivi.

Basi nani alimlea? Baba alikuwa na kazi zake. Mtoto alikulia kati ya familia za wafanyakazi, Wanandi na Wakipsigis. Alicheza na watoto wao, akasema lugha yao na Kiswahili, akajifunza kutembea porini na kushika mkuki kama wavulana. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii.

Tusifiche jambo lingine. Shamba lile lilikuwa juu ya nchi ambayo wakoloni walijigawia, na wenyeji wakageuka kuwa wafanyakazi. Kwa hiyo Beryl na Kibii walicheza pamoja, lakini kesho yao haikuwa moja. Kumbukeni jina la Kibii, maana tutalirudia.

Beryl aliolewa akiwa na miaka 16. Baadaye ukame ulimharibia baba yake biashara, akapoteza shamba, akaenda kutafuta maisha Peru, Amerika ya Kusini. Msichana alibaki Kenya, akafanya kazi aliyoijua, yaani kuzoeza farasi wa mashindano. Alipata leseni ya kazi hiyo akiwa na miaka 18 hivi, na hapakuwa na mwanamke mwingine Kenya aliyekuwa nayo. Mwaka 1926 farasi wake, Wise Child, alishinda mashindano makubwa ya Nairobi. Mashindano aliyajua kabla hajagusa ndege.

Wanawake wawili waliotangulia

Mara nyingi tunamsifu mtu wa kwanza, tukasahau waliomfyekea njia. Kenya kulikuwa na Maia Carberry, mwanamke kijana aliyepata leseni ya kurusha ndege kabla ya Beryl na akawa anafundisha wengine. Mwezi wa Machi 1928, akiwa angani juu ya Nairobi pamoja na mwanafunzi wake, ndege yao ilianguka na wote wawili wakafa. Maia alikuwa na umri wa miaka 24. Aliacha binti, Juanita, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Nyumba ya kutunzia wagonjwa ilijengwa Nairobi kwa kumkumbuka.

Mwingine ni Florence Kerr Wilson. Huyu alikuwa mjane. Kuliko kukaa na fedha zake, mwaka 1929 alianzisha kampuni ya ndege, Wilson Airways, iliyobeba barua na wasafiri Afrika ya Mashariki. Rubani wake wa kwanza aliitwa Tom Campbell Black. Mpaka leo uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi unaitwa Wilson, kwa jina la mjane huyo. Mama wa likelemba watanielewa hapa: bila mtu wa kutoa mtaji, hakuna ndege inayoruka.

Huyo Tom ndiye aliyemfundisha Beryl kurusha ndege, mwaka 1931.

Kazi isiyopigiwa makofi

Mwaka 1932 Beryl aliruka mwenyewe kutoka Kenya mpaka Uingereza katika ndege ndogo isiyo na redio. Mwaka uliofuata alipata leseni ya kurusha ndege kwa malipo, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata. Leseni hiyo haikutolewa kwa kujua kuruka tu. Rubani alitakiwa ajue pia mashine, hali ya hewa na kusoma njia kwa ramani.

Kisha alianza kazi. Alibeba barua, wasafiri, dawa na vipuri. Alitafuta watu waliopotea. Hakukuwa na minara ya kumwelekeza; aliangalia mto, mlima, moshi wa kijiji.

Katika kitabu alichotoa mwaka 1942 kuhusu maisha yake, anaanza na safari moja ya usiku. Kule Nungwe, kwenye machimbo ya dhahabu Tanganyika, mchimbaji mmoja alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa mapafu. Daktari aliomba chupa ya oksijeni kutoka Nairobi. Beryl aliipakia, akaondoka gizani. Chini palikuwa peusi tupu. Kilichomwezesha kutua ni watu wa Nungwe waliowasha mioto na kuipanga pembeni ya kiwanja, ili aone pa kushukia.

Sisi tulio jirani na machimbo tunajua maana ya mgonjwa aliye mbali na dawa. Tunajua pia maana ya watu kuwasha taa na kusubiri. Mioto ile ni sehemu ya safari ile, sawa na mabawa ya ndege.

Kwa nini walishindana?

Miaka ile magazeti, matajiri na miji mikubwa walitoa fedha nyingi kwa rubani atakayefika mbali au atakayefika wa kwanza. Watu walitaka kuona kama ndege inaweza kweli kubeba barua na abiria kutoka bara moja hadi lingine. Mashindano yalikuwa mtihani, na mtihani wenyewe uliua wengi.

Wanawake walikatazwa kwanza, kisha wakaruhusiwa wao kwa wao. Mwezi wa Agosti 1929, wanawake 20 walishindana Marekani kutoka Santa Monica hadi Cleveland, safari ya siku kadhaa. Mmoja wao, Marvel Crosson, alikufa njiani. Magazeti yaliwatania kwa habari za poda na vioo. Wengi wao walifika hata hivyo, na aliyeshinda upande wa ndege kubwa ni Louise Thaden.

Mwanamke mweusi alikuwa na ukuta wa pili mbele yake. Bessie Coleman, Mmarekani mweusi, alikataliwa na shule za ndege za nchi yake. Alijifunza Kifaransa, akavuka bahari kwenda Ufaransa, na mwaka 1921 akapata leseni huko. Aliporudi, alionyesha ustadi wake mbele ya makutano ya watu, naye akakataa kuruka pale ambapo weusi walilazimishwa kupita mlango wao tofauti. Alikufa katika ajali mwaka 1926.

Mwaka 1934 yalifanyika mashindano makubwa kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia. Walioshinda ni C. W. A. Scott na yule yule Tom Campbell Black, mwalimu wa Beryl, kwa muda usiozidi siku tatu. Kisha yakatangazwa mashindano mengine kwa mwezi wa Septemba 1936, kutoka Portsmouth, Uingereza, hadi Johannesburg, Afrika ya Kusini. Njia yake ingeshuka katika bara letu kuanzia Kairo.

Tajiri mmoja wa Kenya, John Carberry, alikuwa na ndege mpya aliyotaka iingie katika mashindano hayo. Ndege iliitwa The Messenger, maana yake Mjumbe. Carberry huyu ndiye mume wa marehemu Maia. Alimkopesha Beryl ndege hiyo avuke nayo bahari ya Atlantiki, kwa sharti kwamba airudishe mapema iwahi Johannesburg.

Usiku juu ya maji

Atlantiki ilikuwa imekwisha kuvukwa. Mwaka 1932 Amelia Earhart, mwanamke wa Marekani, aliivuka peke yake kutoka Amerika kuja Ulaya. Lakini alikuja na upepo mgongoni. Kutoka Ulaya kwenda Amerika upepo unakupiga usoni, ndege inakwenda polepole, mafuta yanaisha upesi. Tena unakimbia upande ambao jua linazama, kwa hiyo usiku unakuwa mrefu. Hapakuwa bado na mwanamke aliyevuka upande huo peke yake.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza. Viti vilikuwa vimetolewa ili matangi ya esanse yaingie. Redio haikuwepo. Mkononi alivaa saa aliyoazimwa na Jim Mollison, rubani aliyekuwa amevuka bahari hiyo hiyo upande huo huo.

Usiku kucha ilikuwa mvua, mawingu na giza. Tangi moja likiisha, mashine inazima, kimya kinaingia. Hapo atafute kwa mkono, gizani, afungue tangi lingine, huku ndege inashuka kuelekea maji. Mashine ikikamata, anapanda tena.

Asubuhi alianza kuona nchi kavu ya Kanada. Ndipo mashine ikaanza kukohoa, ingawa esanse ilikuwa bado. Sababu ilikuwa ndogo sana. Ninyi mnaouza mafuta ya mawese mnajua kwamba bidoni isipopata hewa, mafuta hayatoki. Na tangi la ndege ni hivyo hivyo, lina tundu la kuingiza hewa. Baridi ilikuwa imeliziba tundu hilo kwa barafu. Mafuta yalikuwamo lakini hayakufika kwenye mashine.

Beryl alitafuta pa kutua, akaona uwanda wa kijani pale Baleine, kisiwa cha Cape Breton. Kumbe ni tope. Magurudumu yalizama, pua ya ndege ikajikita ardhini, kichwa chake kikagonga kioo, damu ikatoka. Alikuwa ameruka saa 20 na zaidi. Alitoka akitembea kwa miguu katika matope, na watu wa pwani ile, wavuvi, wakampokea.

Alikuwa amekusudia kufika New York na hakufika. Lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake kutoka Uingereza mpaka Amerika ya Kaskazini. New York ilimpokea kwa shangwe, meya na makutano ya watu.

Na sikieni hili. Siku ile ile alipoondoka Uingereza, tarehe 4 Septemba 1936, kule Marekani yalifanyika mashindano ya Bendix, kutoka New York hadi Los Angeles, wanaume na wanawake pamoja. Walioshinda ni wanawake wawili, Blanche Noyes na Louise Thaden. Louise sasa alikuwa mama wa watoto wawili.

Baada ya shangwe

Furaha haikudumu. Tarehe 19 Septemba, siku 15 tu baada ya Beryl kuondoka, Tom Campbell Black alikuwa kwenye uwanja wa Liverpool akijiandaa kwa mashindano ya Johannesburg. Ndege nyingine iliyokuwa inatua ilimgonga akiwa ndani ya ndege yake, chini kabisa, hata hajaruka. Akafa.

The Messenger ilikuwa imeharibika katika tope, kwa hiyo haikuingia mashindanoni. Ndege tisa ziliondoka Portsmouth tarehe 29 Septemba. Moja ikaanguka Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia, karibu na mwisho wa Ziwa Tanganyika, na watu wawili wakafa. Iliyofika Johannesburg ni moja tu, nayo ilikuwa ya aina ile ile ya The Messenger. Ndivyo mashindano yale yalivyokuwa. Tukihesabu vikombe, tuhesabu na makaburi.

Mtoto wa rubani

Hapa ndipo penye uzito kwetu sisi wazazi. Mwaka 1929 Beryl alizaa mtoto wa kiume, Gervase, na mume wake wa pili, Mansfield Markham, ambaye jina lake amebaki nalo. Ndoa haikukaa. Beryl alirudi Kenya kwenye farasi na ndege. Mtoto alibaki Uingereza, akalelewa na mama ya baba yake.

Mtoto aliyeachwa na mama yake akawa mama aliyemwacha mtoto wake. Wengine mtamhukumu, na siwezi kuwazuia. Lakini kabla ya kuhukumu, tujiulize maswali mawili. La kwanza: rubani wanaume wa wakati ule, ambao nao waliacha watoto nyumbani, nani amewahi kuwauliza? La pili linatuhusu hapa kwetu. Ni mama wangapi wa Ntoto wamewaachia bibi watoto wao, kwa sababu ya vita, ya kazi, ya soko la mbali, na si kwa kutopenda? Tunajua uchungu wake pande zote mbili. Bibi yule wa Uingereza hakupata kikombe, lakini alibeba sehemu ya safari.

Waliobaki chini

Sasa turudi kwa Kibii. Alipotahiriwa na kuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Alikuja kufanya kazi kwa Beryl, kwanza na farasi, kisha na ndege. Aliisafisha, akaitayarisha, akamsubiri alipochelewa kurudi. Utotoni walikimbia bega kwa bega. Walipokua, mmoja alishika usukani na mwingine alishika kitambaa cha kufutia mabawa. Si kwa sababu ya akili. Katika koloni ile usukani haukuwa wa Mwafrika.

Basi tuhesabu pamoja. Mjane alitoa mtaji. Maia alitangulia na akalipa kwa uhai wake. Tom alifundisha. Ruta alitayarisha ndege. Watu wa Nungwe waliwasha mioto. Bibi alilea mtoto. Mollison aliazima saa. Wavuvi walifungua mlango. Gazeti likaandika: ameruka peke yake.

Beryl mwenyewe alirudi kwenye farasi, akashinda Derby ya Kenya mara sita. Uzeeni alikuwa na maisha magumu Nairobi, amesahauliwa, mpaka kitabu chake kilipochapwa tena mwaka 1983 na watu wakamkumbuka. Alikufa Agosti 1986.

Na msichana wa kwetu?

Usukani ule uliokatazwa sasa umeshikwa. Irene Koki Mutungi, Mkenya, binti wa rubani, aliingia shirika la ndege la Kenya Airways mwaka 1995, naye peke yake mwanamke kati ya marubani wake. Baadaye akawa kapteni, na amerusha ndege kubwa za Boeing 787 zenye abiria mamia.

Mnaweza kuniambia: mama, hapa hata barabara hakuna, mvua ikinyesha tunatembea kwa miguu, watoto wamekosa shule kwa sababu ya mapigano, na wewe unazungumza ndege? Mna haki. Sisemi kila msichana wa Ntoto atakuwa rubani. Nasema hivi: mtoto wa kike anayemaliza masomo, awe muuguzi, mwalimu au rubani, ana watu chini waliomshika. Kuna mama aliyelipa minervali kwa fedha za mihogo. Kuna shangazi aliyekubali kuchota maji ili mtoto asome saa moja zaidi. Kuna bibi aliyebaki na mtoto mchanga wa msichana aliyezaa mapema, ili arudi darasani. Kazi hizo hazipigiwi makofi. Lakini zikikosa, hakuna anayeruka.

Na wakati mwingine kinachomwangusha msichana si kukosa akili wala kukosa bidii. Ni kitu kidogo kama ile barafu kwenye tundu la hewa: kalamu, sabuni ya siku za hedhi, neno moja la dharau. Mafuta yamo, lakini hayafiki kwenye mashine. Kazi yetu ni kuangalia tundu.

Yule mtoto alirudi na bidoni yake ya maji, akaiweka chini. Nikamwita. Nikamwambia: "Uliniuliza kama mama anaweza. Anaweza. Wamekwisha kufanya." Akatazama juu, mahali helikopta ilipopita, na hakusema kitu. Shangazi yake alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kesho maji nitachota mimi."

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika nyumba yako, nani alibaki chini ili wewe au mtoto wako apande? Mmewahi kumshukuru?

2. Ni kitu gani kidogo kinachowazuia wasichana wa kijiji chetu kuendelea na masomo? Kikundi kinaweza kuondoa kipi kwa fedha ya likelemba?

3. Beryl aliolewa na miaka 16. Tunawaambia nini wazazi wanaotaka kuoza binti wa umri huo?

4. Mama akienda mbali kwa kazi au masomo na kumwachia bibi mtoto, sisi majirani tuna wajibu gani kwa mtoto yule?

Mkisha kuzungumza, mama katibu aandike majibu, tuyasome juma lijalo. Mubaki na amani.